Presha ya mfumo wa kupasha joto nyumba: kuipima, kuipandisha, na kujua inakotorokea

Boila imezima, redieta za vyumbani zimepoa, na mshale wa geji ya presha umelala karibu na sifuri. Unafungua koki ya kujazia, maji yanaingia yakifoka taratibu, mshale unapanda, boila inawaka. Kazi ya dakika tano. Wiki mbili baadaye umesimama pale pale ukifungua koki ile ile.

Hiyo mara ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Kujaza maji nitakueleza hatua kwa hatua, lakini ujue mapema kwamba mfumo uliofungwa hauli maji. Maji yaliyomo ndiyo hayo hayo yanayozunguka mwaka baada ya mwaka: yanapata moto kwenye boila, yanapita kwenye redieta, yanarudi yakiwa yamepoa, yanapashwa tena. Presha ikishuka, ama kuna maji yametoka, ama kuna upepo umetoka mahali ulipotakiwa kukaa. Ukijaza bila kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili, utakuwa umenyamazisha dalili tu.

Kwanza, je, mfumo wako una presha ya kutunza?

Chungulia darini. Kama kuna tangi dogo lenye boya ambalo kazi yake ni kulisha redieta, mfumo wako ni wa wazi. Maji yakipungua hujijazia yenyewe kutoka juu, na presha inatokana na kimo cha tangi hilo. Huna geji ya kurekebisha, kwa hiyo sehemu itakayokufaa hapa ni ile ya kutoa upepo.

Kama tangi hilo halipo, na kwenye boila au karibu yake kuna geji ya duara au kioo kinachoonyesha namba, huo ni mfumo uliofungwa. Ni hivyo hivyo kwa nyumba nyingi zinazotumia pampu ya joto badala ya boila, na kwa zile zenye mabomba chini ya sakafu badala ya redieta.

Namba za kukaa nazo kichwani

Kipimo kinachotumika sana ni baa (si ile ya vinywaji). Baa 1 ni sawa na uzito wa maji yaliyosimama kwenye bomba la wima lenye urefu wa mita 10 hivi. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na kitu, kwa hiyo tunazungumzia presha ndogo kuliko ya tairi.

Mfumo ukiwa baridi, nyumba nyingi hutaka baa 1 hadi 1.5. Ukipata moto presha hupanda, na ikifika karibu na 2 au kuivuka kidogo hakuna tatizo. Kwenye baa 3, valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje ili kitu kisipasuke. Upande wa chini, boila nyingi hukataa kuwaka presha ikishuka hadi karibu na 0.5, kwa sababu pampu ikizungusha upepo badala ya maji boila inaweza kuungua. Kitabu cha boila yako kikisema tofauti na haya, kifuate hicho.

Kwa nini iwe 1 hadi 1.5 na si namba moja kwa wote? Kwa sababu ya ghorofa. Pima kwa macho umbali wa wima kutoka kwenye geji hadi juu ya redieta ya juu kabisa. Kila mita moja inakula baa 0.1. Boila ikiwa chini kabisa na redieta ya mwisho iko mita 9 juu yake, baa 0.9 inaisha kwa kuyabeba maji hadi kule tu. Ongeza 0.3 hivi ili juu kule presha isifike sifuri, unapata 1.2. Nyumba isiyo na ghorofa inatosheka na 1. Nikiona mtu wa nyumba ya chini anajaza hadi 2 "ili ikae muda mrefu", najua hajui kilichomo ndani ya tangi la mpanuko.

Tangi la mpanuko, kiungo kinachosahaulika

Maji hayabanwi, lakini yakipata moto yanatanuka. Mfumo wenye lita 100 ukipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 70, maji yanaongezeka kwa lita 2.2 hivi. Lita hizo mbili na ushee lazima ziende mahali. Zinaenda kwenye tangi la mpanuko: kopo la chuma, mara nyingi jekundu au la kijivu, ama limejificha ndani ya boila ama linaning'inia ukutani karibu nayo. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja kuna maji ya mfumo, upande wa pili kuna upepo uliojazwa kwa presha maalumu, mara nyingi baa 0.75 hadi 1. Maji yakitanuka yanasukuma kiwambo, upepo unabanwa. Yakipoa, upepo unayarudisha. Upepo huo ndio unaoushikilia mshale wa geji.

Tuchukue mfano wa tangi la lita 8 lenye upepo wa baa 0.75, na mfumo wenye zile lita 100. Ukijaza ukiwa baridi hadi baa 1, ndani ya tangi kuna lita 1 ya maji na lita 7 za upepo. Washa boila, zile lita 2.2 ziingie: presha inafika kama baa 1.9. Salama. Sasa jaza mfumo huo huo hadi 1.5 ukiwa baridi, kisha washa. Presha inavuka 3. Valvu ya usalama inafunguka, maji yanamwagika nje, na mfumo ukipoa mshale unarudi chini kuliko pale ulipoanzia. Mwenye nyumba anaona presha "imeshuka", anajaza tena hadi 1.5. Mchezo unaanza upya.

Mfano huo una funzo jingine. Kutoka baa 1 hadi 0.75 kuna lita moja tu ya maji. Ikishaisha hiyo, tangi halina tena maji ya kurudisha, na kikombe kimoja kinatosha kuuangusha mshale hadi chini. Tone la maji ni kama mililita 0.05. Valvu ikidondosha tone moja kila dakika, ni mililita 72 kwa siku, na lita moja inaisha kwa siku 14. Tone moja kwa dakika halilowanishi hata zulia, hasa likidondokea bomba la moto linakokauka kabla hujaliona.

Kusoma geji

Soma mfumo ukiwa umezimwa na umepoa kwa saa kadhaa. Asubuhi kabla boila haijaanza kazi ndio wakati mzuri. Kuisoma ikiwa moto kisha kuilinganisha na usomaji wa baridi ni kujichanganya.

Geji za duara mara nyingi zina mishale miwili. Mweusi ndio unaopima. Mwekundu ni alama tu iliyowekwa na fundi, haiendi popote, na nimeshaona watu wakihangaika kuupandisha huo. Nyingine hazina mshale wa pili, zina eneo la kijani: liamini ukiwa umelilinganisha na kitabu.

Geji nayo inaweza kukwama. Ndani ya nyingi kuna kijibomba kilichopinda, namna aliyoibuni Mfaransa Eugène Bourdon katikati ya karne ya 19: presha ikipanda kijibomba kinajaribu kujinyoosha, na mwendo huo ndio unaozungusha mshale. Tope likiziba njia ya kuingilia, mshale unaganda. Igonge kioo taratibu kwa kidole. Kama umesoma 1.2 kwa miezi, moto na baridi, usifurahie uthabiti huo. Mshale wa geji isiyo na hitilafu husogea boila inapowaka.

Kupandisha presha, hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa koki, jiulize swali moja: je, mfumo una dawa ya kuzuia maji yasigande? Kama ipo, maji matupu yanaipunguza nguvu. Hapo muulize aliyeujaza, ujazwe mchanganyiko wa aina ile ile.

1. Zima boila na uiache ipoe. Maji baridi yakiingia ghafla kwenye chuma cha moto yanaweza kukipasua.

2. Tafuta mahali pa kujazia. Mara nyingi ni mpira mfupi uliosukwa kwa nyaya za chuma, chini ya boila, unaounganisha bomba la maji baridi na bomba la mfumo, wenye koki ndogo kila upande. Boila nyingine hazina mpira, zina kijimkono cha plastiki cha kuvuta au funguo maalumu inayochomekwa kwa chini. Kwa hizo fuata picha za kitabu, kwa sababu kila mtengenezaji ana lake.

3. Kama mpira ulikuwa umefunguliwa, ufunge pande zote mbili na ukaze nati kwa mkono, kisha robo zamu kwa spana. Hakikisha washa, kile kipete bapa cha kuzuia maji, imo ndani ya nati. Ikikosekana utalowa.

4. Zitazame koki. Nyingi hugeuka robo zamu tu. Mkono au ufa wa bisibisi ukilala sambamba na bomba, koki iko wazi. Ukikaa kwa kulikata bomba, imefungwa.

5. Fungua koki ya kwanza yote. Ya pili ifungue kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye geji. Utasikia maji yakipita. Usiifungue yote kwa mpigo: presha ya bomba la mtaa ni kubwa kuliko ya mfumo wako, na mshale unaweza kupita 2 kabla mkono wako haujarudi kwenye koki.

6. Mshale ukikaribia namba yako, tuseme 1.2, funga ya pili, kisha funga ya kwanza. Zote mbili. Subiri dakika moja uone kama mshale umetulia au bado unapanda taratibu.

7. Kama mpira wako ni wa kufungua, ufungue upande mmoja na uuache ukining'inia, au uutoe kabisa. Weka chombo chini, yatatoka maji kidogo. Sehemu nyingine kanuni za maji zinalazimisha hivyo, na sababu ni ya maana: maji ya redieta yana kutu na dawa, na hutaki siku presha ya mtaa ikishuka yavutwe kurudi kwenye bomba la kunywa.

8. Washa boila. Kama ilikuwa imejifunga kwa presha ndogo, huenda ikahitaji kubonyezwa kitufe cha kuanza upya. Ikishika moto kamili, soma tena. Andika namba mbili, ya baridi na ya moto.

Hatua ya 6 imeshaniadhibu. Nilijaza jioni, nikafunga koki moja na nyingine nikaigeuza nusu, simu ikaita. Asubuhi geji ilikuwa imepita 2.5 na kwenye ukuta wa nje kuna alama ndefu ya unyevu chini ya bomba la shaba la valvu ya usalama. Mpira haukuvuja hata tone. Maji yalikuwa yakipenya ndani usiku kucha.

Kutoa upepo kwenye redieta

Redieta yenye joto chini na baridi juu ina upepo. Yenye joto juu na pembeni lakini baridi chini katikati ina tope, na hiyo kutoa upepo hakutaisaidia.

Zima boila na pampu, subiri zipoe. Anza na redieta za chini, malizia na za juu. Kwenye kona ya juu kuna skrubu ndogo yenye kichwa cha mraba. Funguo yake ni ya shaba, ndogo kama ya saa ya zamani, ingawa redieta nyingine hukubali bisibisi bapa. Weka kitambaa nyuma na kikombe chini. Geuza kinyume cha saa robo hadi nusu zamu, isizidi: skrubu ikichomoka yote hutairudisha kirahisi huku maji meusi yakikurukia, na maji hayo yakikauka kwenye zulia hayatoki. Utasikia upepo ukitoka, kisha skrubu itaanza kutema matone, kisha maji yatoke mfululizo. Funga hapo hapo bila kukaza kwa nguvu za kuvunja.

Usivute sigara wala kuwasha kibiriti wakati wa kazi hii. Unachokiita upepo si lazima kiwe hewa. Chuma kikiliwa na kutu bila oksijeni hutoa haidrojeni, na haidrojeni inashika moto. Redieta inayojaa upepo kila baada ya wiki chache ndivyo inavyokuambia kwamba ama kuna mahali mfumo unavuta hewa, ama kutu inakula ndani na dawa ya kuizuia imekwisha nguvu.

Ukimaliza, rudi kwenye geji. Presha lazima itakuwa imeshuka, na safari hii unajua kwa nini. Jaza.

Presha ikizidi

Kama mshale uko juu ya 2 mfumo ukiwa baridi, punguza kwa kutoa maji kwenye skrubu ya redieta hadi ufike kwenye namba yako, au kwenye koki ya kumwagia iliyo chini ya mfumo. Wapo wanaopenda kuzungusha kile kifuniko chekundu cha valvu ya usalama kwa sababu ni haraka. Mimi simshauri mtu. Valvu hiyo inaweza kukaa miaka bila kufunguka. Ukiifungua, chembe ya kutu inakaa kwenye kiti chake na tangu hapo inadondosha.

Kisha tazama inapanda lini.

Inapanda hata boila ikiwa imezimwa na imepoa: maji ya bomba kuu yanaingia. Mshukiwa wa kwanza ni koki za kujazia. Tenganisha mpira usubiri. Ukiona maji yanadondoka kutoka kwenye koki iliyofungwa, umempata. Kama mpira umeshatengwa na bado presha inapanda, basi maji yanapenya ndani kwa ndani: kwenye boila inayopasha pia maji ya kuoga, zile sahani nyembamba zinazotenganisha maji ya redieta na ya bombani zimetoboka, au koili iliyo ndani ya tangi la maji ya moto imeliwa. Hiyo ni ya fundi.

Iko sawa ikiwa baridi, lakini moto ukishika inaruka hadi 3: tangi la mpanuko halina upepo, au ulijaza kupita kiasi.

Presha inayoshuka kila mara: msako

Hapa ndipo subira inapolipa. Usianze kwa kung'oa sakafu. Jaza hadi namba yako mfumo ukiwa baridi, andika tarehe na saa, kisha fuata mpangilio huu, kwa sababu unaanza na visivyogharimu kitu.

*Bomba la nje.* Valvu ya usalama ina bomba la shaba linalotoka ukutani, mdomo wake umeelekezwa chini. Funga mfuko mdogo wa plastiki kwenye mdomo huo kwa mpira wa kufungia, kwa kulegea, usiuzibe kabisa: siku valvu ikihitaji kufunguka kweli, maji lazima yapate njia. Tazama baada ya siku mbili. Mfuko ukiwa na maji, umejua yanapokwenda. Lakini usikimbilie kubadilisha valvu peke yake. Jiulize iliyofungua valvu hiyo mara ya kwanza ni nini. Mara nyingi jibu ni tangi la mpanuko, na ukiweka valvu mpya ukaacha tangi lile lile, mpya nayo itaharibika.

*Valvu za redieta.* Chukua karatasi laini ya chooni, pitisha kila kiungo: chini ya valvu, kwenye nati, chini ya kifuniko cha kugeuzia, kwenye skrubu ya kutolea upepo. Fanya hivyo mfumo ukiwa baridi, kwa sababu ukiwa moto tone hukauka kabla ya kuonekana. Macho yatafute pia rangi. Uvujaji wa zamani huacha ukoko: kijani kwenye shaba, mweupe wa chokaa, kahawia wa kutu. Nati iliyolegea kidogo inahitaji robo zamu ya spana, huku spana ya pili ikishikilia mwili wa valvu usizunguke.

*Bomba la maji ya mvuke.* Boila za kisasa zinazopoza moshi wake zina bomba la plastiki linalomwaga maji yanayotokana na mvuke huo. Boila ikifanya kazi, ni kawaida litoe maji. Boila ikiwa imezimwa saa nyingi na bomba hilo bado linadondosha, kuna uwezekano kifaa cha kubadilishana joto ndani kimepasuka.

*Kutenga boila.* Chini ya boila kuna valvu mbili za mabomba makubwa, ya kwenda na ya kurudi. Usiku, boila ikiwa imezimwa na imepoa, zifunge zote mbili. Boila isiwashwe kabisa zikiwa zimefungwa. Asubuhi soma geji. Kama imeshuka, uvujaji uko ndani ya boila au kwenye valvu yake ya usalama. Kama haikusogea, fungua valvu hizo: mshale ukianguka papo hapo, maji yametoka upande wa mabomba na redieta usiku ule. Jaribio hili moja hukuokolea saa nyingi za fundi, maana anakuja akijua pa kuanzia.

*Chini ya sakafu.* Hapa ndipo pa mwisho. Tafuta sakafu iliyovimba, rangi iliyobadilika kwenye dari ya chumba cha chini, au sehemu moja yenye joto kuliko majirani zake bila sababu. Usipoona kitu na jaribio la kutenga linasema ni mabomba, mwite mtu mwenye kamera ya joto kabla ya mwenye nyundo.

Kuna dawa za maji za kumimina ndani zinazodai kuziba matundu. Zinaweza kufanya kazi kwa upenyo mdogo. Kwangu ni za mtu aliyekwisha kujaribu kila kitu, kwa sababu dawa isiyojua tofauti ya tundu baya na tundu zuri inaweza kuziba hata njia zinazotakiwa kubaki wazi.

Kwa nini nisijaze tu kila wiki?

Unaweza, na nyumba itapata joto. Ila kila lita mpya inaingia na oksijeni na chokaa. Maji ya zamani yameshatumia oksijeni yake, ndiyo maana chuma kinaishi nayo. Ukileta mapya kila wiki unalisha kutu. Inageuka tope jeusi lenye sumaku, linakaa chini ya redieta na ndani ya pampu. Wakati huo huo dawa ya kuzuia kutu inazidi kuwa nyepesi. Ukijaza mara moja au mbili kwa mwaka, hasa baada ya kutoa upepo, ni kawaida. Ikifika mara moja kwa mwezi, anza msako.

Kurudisha upepo kwenye tangi la mpanuko

Fanya hili iwapo tu valvu ya tangi inafikika bila kufungua kifuniko cha boila. Katika boila nyingi za gesi kifuniko hicho ni sehemu ya kuzuia moshi usiingie ndani ya nyumba, na mwenye kibali ndiye wa kukigusa.

Valvu yenyewe utaitambua, ni ile ile ya tairi la gari, na kipimo cha tairi kinaingia sawasawa. Zima, acha ipoe. Tenga boila kwa zile valvu mbili, kama tangi liko upande wa boila, kisha mwaga maji hadi geji isome sifuri na uiache koki ya kumwagia wazi. Usiruke hatua hii: ukipima upepo huku maji yanausukuma kutoka upande wa pili, utasoma presha ya maji ukadhani ni ya upepo. Bonyeza kidogo pini ya valvu. Ikitoa maji, kiwambo kimechanika, tangi ni la kubadilishwa, funga vitu uondoke. Ikitoa upepo mkavu, pima. Jaza kwa pampu ya baiskeli hadi namba iliyoandikwa kwenye tangi au kitabuni. Pampu ya mkono ni bora kuliko ya umeme, kwa sababu lita chache za upepo hujaa haraka. Maji yaliyobaki yatasukumwa nje kwenye koki, ndiyo maana uliiacha wazi. Pima tena, funga koki, fungua valvu za boila, jaza mfumo hadi namba yako ya baridi, toa upepo.

Mwite fundi bila kusubiri ukinusa gesi, ukiona maji yanatoka ndani ya kifuniko cha boila, presha ikianguka hadi sifuri ndani ya saa chache, au valvu ya usalama ikimwaga kila boila inapowaka hata baada ya kuweka tangi sawa.

Kama umepata tundu na umeliziba, anza kuhesabu upya. Bandika karatasi pembeni ya boila, andika tarehe na presha ya asubuhi mfumo ukiwa baridi. Soma kesho yake, soma siku ya saba, soma siku ya 14. Mshale ukiwa bado pale ulipouacha, nenda nje ukautoe ule mfuko wa plastiki.